Samaki wa Pembea

Fundi hakuchora jicho. Alichora samaki, ndege, ngamia, farasi, hata paka mmoja aliyefanana mno na paka wa nyumbani kwetu, na wote aliwaacha vipofu. Palipotakiwa jicho aliacha rangi tupu. Ukimuuliza sababu, alisema kuhuisha si kazi yake, yeye kaletwa kwa ajili ya magamba na manyoya. Lakini hakuyasema hayo kama mtu anayetoa darsa. Aliyasema kama mtu anayekwepa kibarua kigumu, na mpaka leo sijui kama alimcha Mungu au aliogopa tu kuharibu samaki.

Mtaani kwetu Malindi, hii ya kisiwani, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Fundi, basi, na mafundi wengine wote, wa saa, wa cherehani, wa baiskeli, ilibidi waongezewe neno ili wajulikane. Kazaliwa wapi na nani, hayo wanayajua wenyewe. Ninachokijua mimi ni kwamba chumba chake cha kazi kilikuwa chini na sisi tulikaa ghorofani, na harufu ya tapentaini ilipanda ngazi kabla ya mgeni yeyote. Mama alidai hajapata kupika wali wa nazi ukanuka nazi. Alimtuhumu Fundi kwa hilo miaka na miaka, na kila Ijumaa akamteremshia sahani ya wali huohuo.

Kazi iliyompa jina ilikuwa pembea ya kuzunguka, ile ya mbao ya viwanja vya sikukuu, inayosukumwa kwa mikono na vijana wenye vifua. Kila Ramadhani mwenye pembea alizileta mbao zake kwa mkokoteni, Fundi akazisugua kwa msasa, halafu akachora upya juu ya alichokichora mwaka uliopita. Hakubakiza kitu. Ngamia aliyesifiwa na mji mzima Idd iliyopita alifunikwa na rangi ya chini kwa dakika chache, na mwenye kufunika alikuwa akipiga mluzi. Mbao zile zilinenepa kwa rangi. Ukizigonga zilikuwa na sauti nzito kuliko mbao.

Macho waliyatia watoto. Sijui nani alianza. Siku ya Idd Mosi wanyama walizunguka vipofu, na kila mtoto aliyepanda alikuwa na kipande cha makaa mfukoni, kakiiba jikoni kwao. Ikifika Idd Nne hapakuwa na samaki asiyeona. Wengine walikuwa na macho matatu. Mimi nilimtia samaki wangu kope ndefu, na dada yangu akanicheka mpaka nikalia.

Mwaka huu pembea ile imezunguka mara ya mwisho, na ndiyo maana naandika. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake, ubao mmoja, ili pabaki ushahidi kwamba Fundi aliishi na akachora. Tangu Idd ipite yuko Makunduchi kwa mwanawe wa kike, na watu wa mtaani wameshaanza kumsimulia kwa kumpunguza. Wanasema alikuwa mzee mpole. Mpole! Mtu aliyegombana na muuza rangi wa Darajani mwaka mzima kwa sababu ya kopo la kijani ambalo, kwa maneno yake, lilikuwa kijani kwenye kifuniko na uongo ndani.

Mwaka wa Fundi haukufuata kalenda ya ukutani. Ukianzia Idd Ndogo, Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ulikuwa wa harusi, na hapo alichora vitambaa vikubwa vya kutundikwa nyuma ya bibi harusi: mabustani, maji yanayoanguka, mapazia yaliyochorwa mbele ya mapazia ya kweli. Mfungo Tatu, Idd Kubwa ikichinjwa, alipita nyumba kwa nyumba akiomba manyoya ya mbuzi ya shingoni, akayafunga kwa uzi na kutengeneza brashi za mwaka mzima. Watu wengine walipita kuomba nyama, yeye akaomba ndevu. Mfungo Sita alipaka mbao na nguzo za watu wa maulidi, na hapo hakuweka mnyama wala nusu yake, maua matupu. Masika hakupaka kabisa. Rangi ya mafuta haikauki kwenye unyevu ule, alisema, inakaa tu ikisikitika. Miezi ya mvua alichora kwa penseli kwenye karatasi za kufungia bidhaa, akinung'unika, na karatasi zenyewe alizitumia baadaye kuwashia jiko.

Alikuwa pia, bila kuajiriwa na mtu, mtangazaji wa mambo yote ya kisiwa hiki. Alikaa barazani na brashi mkononi, na wapitao walimuuliza swali moja.

"Fundi, wiki hii wapi?"

"Weye una wiki nzima au una jioni tu?"

"Jioni tu."

"Basi nenda Kikwajuni, kuna kidumbaki cha harusi. Usikae karibu na ngoma. Kaa karibu na wanawake wanaopokea nyimbo, ndiko kwenyewe."

Alijua maulidi ya homu, yale ya kuyumba kwa safu, yanasomwa kijiji gani na nani ataanza kuyumba mstari wa mbele. Alijua kikundi kipi cha taarabu kinafanya mazoezi na dirisha gani la nje linasikika vizuri kuliko viti vya ndani. Wageni wa hoteli waliambiwa na waongozaji wao waende Ngome Kongwe, na Fundi akawaambia waende, wakimaliza wakanyage hadi Raha Leo wakasikie wanaojifunza muziki. Hakuna aliyemlipa kwa hilo, na hakuna aliyejuta kumsikiliza, ila wale waliokosea masharti yake. Maana kila alipokupeleka alikupa sharti.

Nakumbuka bwana mmoja aliyehamishiwa huku kutoka bara, kijana wa ofisini, mashati yake yamepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alimuuliza kuhusu Mwaka Kogwa, ile sikukuu ya mwaka mpya wa jadi.

"Nenda Makunduchi," Fundi alimwambia. "Utaona watu wanapigana kwa vigogo vya migomba na matusi yao wameyaandaa tangu mwaka jana. Kibanda kitachomwa. Wanawake wataimba maneno ambayo mkeo usimfasirie. Lakini ukikaribishwa kula, ule."

"Mimi huwa nabeba chakula changu, mzee."

Fundi aliweka brashi chini. "Yakhe, kule siku ile mtu asiye na mgeni huona nuksi. Weye ukikaa pembeni na kikopo chako, ujue kuna mwenye nyumba umemharibia mwaka. Kiache nyumbani hicho kikopo."

Yule bwana alirudi akiwa amekula nyumba tatu, kitufe cha shati hakifungi, na mwaka uliofuata alikwenda tena bila kuuliza. Baadaye alioa hukohuko.

Sasa sikilizeni ajabu yake. Huyu aliyewapeleka watu wote kila mahali, yeye mwenyewe hakuwahi kuona onyesho hata moja. Alikwenda, ndiyo. Alikwenda mapema kuliko wote, akakaa wakati wapigaji wanafungua mifuko, wanakaza nyuzi, wanagombania kiti, fidla inaitafuta sauti na kuikosa. Hapo alikuwa na raha ya mtoto. Wakishaafikiana, watu wakapiga makofi, pazia likafunguka, Fundi aliinuka.

Mara moja alitupeleka sisi, mimi na dada yangu, kwa ruhusa ya Mama iliyopatikana kwa taabu. Nilikuwa nimevaa viatu vipya. Tukakaa saa nzima tukisikiliza watu wakikohoa na kukaza nyuzi, halafu mwimbaji akatokea, dhahabu hadi kwenye viwiko, akafungua mdomo.

"Tushakwisha," Fundi akasema. "Twendeni."

"Fundi, ndo kwanza wanaanza!"

"Wanaanza kurudia. Walichokuwa wanakitafuta wameshakiona. Sasa watatuonyesha tu."

Nilimchukia njia nzima. Nilifika nyumbani nikamwambia Mama kwamba Fundi ni mwendawazimu, na Mama akasema kwamba hilo analijua, na akaniuliza mwimbaji alivaa nini.

Alikuwa hivyohivyo kwa kazi zake. Kitu kikishakauka hakuwa na haja nacho. Vitambaa vya harusi alivikabidhi vibichi, na jamaa za bibi harusi walivibeba kwa ncha za vidole wakimlaani kwa adabu. Ukimsifia mchoro wa zamani alikutazama kana kwamba umemsifia chakula cha juzi. Lakini rangi ikiwa bado inang'aa, hapo alikuita, akakusimamisha palepale alipotaka usimame, akakukataza hata kupumua kwa nguvu. Alikuwa bahili wa chai na mkarimu wa vitu vya kutazama, na mimi nimekula vingi kwake.

Aibu yake kubwa ilitokana na mwezi. Fundi alikuwa mtu wa mwezi wa siku thelathini. Kila Ramadhani aliipanga kazi yake kana kwamba mwezi umemwahidi kutimia, na rangi ya juu, ile ya kung'arisha, aliiweka mwishoni kabisa. Mwaka mmoja mwezi ukaonekana ishirini na tisa. Mizinga ikapigwa, mitaa ikalipuka kwa takbira, na Fundi akatoka barazani na brashi mkononi akiuangalia mwezi kwa chuki, Mungu amsamehe.

Asubuhi pembea ilikuwa mbichi na watoto hawazuiliki. Kufikia adhuhuri nusu ya watoto wa mjini walikuwa na milia ya kijani mgongoni. Kanzu nyeupe, magauni ya Idd, suruali ambazo akina baba walizitafuta Darajani mwezi mzima. Mimi nilikuwa na gauni la manjano, la kwanza kununuliwa mahsusi kwa ajili yangu na si kurithiwa kwa dada, na samaki mzima alikuwa amejipiga chapa kwenye makalio yangu. Mama alishuka ngazi zile kwa kishindo ambacho kilizungumzwa mpaka Mfungo Pili.

"Fundi! Weye una watoto? Una macho? Hebu njoo uone ulichokifanya!"

Alitoka na chupa ya mafuta ya taa na vitambaa. Hakujitetea. Alipita nyumba kwa nyumba Idd nzima, anabisha hodi, anasema, "Kumradhi, bibi, nipeni nguo," anakaa kizingitini anasugua. Lile gauni langu alilisugua mpaka samaki akatoka na manjano yakatoka pamoja naye. Alipolirudisha Mama hakumjibu salamu. Ijumaa ile sahani ya wali haikushuka, wala iliyofuata.

Tangu hapo alimaliza kazi mapema mno, na akawa na mtindo wa kulaza shavu kwenye kila ubao, akafumba macho, akasikiliza kama umekauka. Alikwenda kusali Idd akiwa na doa shavuni na hakuna aliyethubutu kumwambia. Viwanjani kwenyewe hakukanyaga tena. Alisema watoto wakishapanda kazi yake imekwisha, lakini sisi tuliomjua tulijua kwamba anaogopa kuziona nguo.

Mimi sasa nina duka la vitambaa na nguo za watoto Darajani, na katika mambo yanayonikera duniani rangi kwenye nguo mpya si la mwisho. Ndiko dukani nilikopata habari, Ramadhani hii. Mwenye pembea amechoka, na wanawe wamenunua yale mateleza ya plastiki yanayojazwa upepo. Pembea itazunguka Idd hii tu, halafu mbao ziuzwe kwa mwenye tanuri la mikate. Nilifunga duka, nikaenda Malindi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Usisimame hapo, unanizibia mwangaza."

Alikuwa amekonda. Mkono wake wa kushoto uliushika wa kulia ili brashi isitikisike. Mbele yake kulikuwa na samaki mmoja mkubwa, nusu kijani, nusu bado ana rangi ya buluu ya mwaka jana, na alikuwa mzuri hata nikasahau nilichokijia. Nilimwambia nimesikia. Akasema na yeye kasikia.

"Basi nipe huu ubao, Fundi. Mmoja tu. Ntazungumza na mwenye pembea mwenyewe. Ntautundika dukani, kila mtu auone."

"Utauona wiki moja. Wiki ya pili utatundika kalenda juu yake."

"Sitotundika!"

"Utatundika, nakujua. Mamako alikuwa na saa nzuri ya ukutani, akaanika soksi."

Sikucheka. Nilimwambia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya kutaka kulia, kwamba amefanya kazi umri wake wote na hakuna hata kipande cha kushika mkononi, kwamba vitambaa vya harusi vimeoza, karatasi amezichoma, mbao amezifunika yeye mwenyewe na sasa zinakwenda tanurini. Nilimuuliza watoto wangu wajue vipi kwamba alikuwepo. Fundi alichovya brashi, akaikung'uta, akaendelea na magamba.

"Njoo Idd Nne," alisema. "Alasiri. Mlete na yule mdogo."

Nikaondoka nimenuna. Nilidhani ananifukuza kwa adabu.

Mwezi mwaka huu ulitimia thelathini. Nalisema hilo kwa sababu ni muhimu: alikuwa na muda wote aliouhitaji. Idd Nne baada ya Alasiri nilimvalisha mwanangu mdogo gauni jeupe, la mtindo niliouuzia nusu ya mji mwaka huu, tukaenda viwanjani. Mateleza ya plastiki yalikuwa yamejaa watoto. Pembea ya mbao ilikuwa kando, vijana wanaisukuma taratibu, na pembeni yake, kwenye kiti cha kukunja, amekaa Fundi. Miguuni pake kulikuwa na chupa ya mafuta ya taa na furushi la vitambaa safi.

Mwanangu alipanda kabla sijamsalimia Fundi. Mara nikasikia: "Mama! Mbichi!"

Nilikimbia. Gauni lilikuwa limeshakwisha, kijani begani na kijani kiunoni. Nikageuka, na sauti iliyonitoka ilikuwa ya Mama kabisa.

"Fundi! Hazijakauka!"

"Naam."

"Vipi zisikauke? Mwezi si umetimia?"

"Umetimia. Nimezipaka tena leo asubuhi."

Mwenye pembea alijifanya anatazama upande wa pili. Fundi alinionyesha chupa yake.

"Asiyetaka, mafuta haya hapa, nitamsugulia mwenyewe. Lakini we fikiri. Miaka yote hii nazikausha, na zikikauka zinabaki hapahapa. Kesho hizi mbao zinakwenda motoni. Leo nataka ziende majumbani kwa watu."

"Kwenye nguo za watoto?"

"Weye lile gauni la manjano umelisahau?"

Sikulisahau. Nimesahau magauni yote mengine ya utoto wangu, hata rangi zao, ila lile.

Wakati huohuo mwanangu alikuwa amemkazia samaki macho. Hakuwa na makaa, maana sisi tunapikia gesi. Akaweka kidole pale palipotakiwa jicho, akabonyeza, akakiondoa. Kijani kikatoka na kidole, na chini yake, pale ambapo Ramadhani Fundi hakupagusa, ikatokea buluu ya mwaka jana, duara kavu linalong'aa. Samaki akaniangalia. Fundi naye alikuwa ameinuka kitini.

"Umeona?" akasema polepole. Sidhani alisema na mimi.

Watoto walishuka kwenye mateleza. Mmoja alimwita mwenzake, mwenzake akawaita wote, wakapanga mstari kila mmoja anataka jicho lake. Kina mama walipiga kelele, na wawili watatu walikuja kuomba mafuta. Fundi alipiga magoti akawasugulia watoto wao kwa utulivu, akaomba radhi kwa kila mmoja. Wengine walisimama tu wakitazama, halafu nikaona mama mmoja mtu mzima, buibui limekunjwa, anamsogelea ndege kwa kidole. Mimi nilimchagua ngamia. Nilipobonyeza sikupata buluu. Nilibonyeza kwa nguvu, nikakwangua kwa ukucha, ikaja nyekundu ya mwaka wa kabla yake. Nikaiacha hapo.

Niligeuka kumuaga Fundi, kwa kuwa nilijua tabia yake, na jambo lilikuwa limeshapata sauti yake. Lakini alirudi kitini akakaa. Vijana waliendelea kusukuma, watoto wakapungua, jua likateremka, na yeye bado amekaa, mikono magotini, anawatazama wanyama wake wanavyopita mmoja mmoja wakimwangalia. Pembea iliposimama, alikuwepo. Sijapata kumwona akibaki mpaka mwisho wa kitu chochote isipokuwa hicho.

Tulifika nyumbani Magharibi inaadhiniwa. Mama haoni vizuri sasa, lakini pua yake ni ileile. Tulipoingia tu aliinua kichwa.

"Rangi hiyo."

"Naam, Mama. Kwenye gauni. Jeupe."

Akamvuta mjukuu wake karibu, akalipapasa gauni mpaka akafika begani, vidole vikanata. Nilikwenda jikoni kutafuta mafuta ya taa na kitambaa, nikarudi navyo.

"Ya Fundi?" akauliza.

"Ya Fundi."

Mama alivinusa vidole vyake, akavifuta taratibu kwenye kanga yake mwenyewe, ile anayosalia Idd.

"Rudisha mafuta yako," akasema. "Na kesho Ijumaa, umpelekee wali."